Mwalimu aliyelikabidhi kanisa shule

*Rosa Young wa Alabama aliishi miaka 81, na zaidi ya hamsini kati ya hiyo aliitumia katika ualimu. Historia humsifu kwa kulipokea kanisa la Kilutheri kijijini kwake. Mali aliyokuwa nayo mkononi alipolipokea haitajwi sana.*

Tarehe 27 Oktoba, 1915, kutoka mahali paitwapo Neenah, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, mwalimu wa kike wa umri wa miaka 25 aliwaandikia barua watu asiowajua. Hakuanza kwa kulia shida. Alieleza kwamba alianza kufundisha mwaka 1912, akiwa na wanafunzi 7, ndani ya ukumbi mkuukuu ambamo ng'ombe walikuwa wakijisitiri. Kwamba tangu hapo, kwa fedha zilizochangwa na wanakijiji wenyewe, amekwisha kununua ekari 5 za ardhi na kusimamisha juu yake nyumba ya shule yenye vyumba 4. Na kwamba shule hiyo ina viti 45, majiko 5 ya kupasha moto vyumba, kengele 1, cherehani 1, piano 1, vitabu kadha wa kadha vya manufaa, na nakala 150 za Agano Jipya.

Baada ya hesabu hiyo ndipo alipouliza kama wenzake hao wa mbali wangekubali kuichukua shule chini ya ulezi wao.

Mwandishi wa barua alikuwa Rosa Jinsey Young, na walioandikiwa walikuwa halmashauri ya misheni ya muungano wa sinodi za Kilutheri, yenye makao yake St. Louis, jimbo la Missouri. Yeye hakuwa Mlutheri. Alikuwa binti wa mhubiri wa Kimethodisti. Walakini kutokana na karatasi ile zilizuka katika Alabama shule na sharika zipatazo 30, na chuo kimoja mjini Selma, na mwandishi mwenyewe akawa Mlutheri wa imani isiyoyumba mpaka siku alipoaga dunia, tarehe 30 Juni, 1971.

Kanisa huihesabu kazi hiyo kuanzia Januari 1916, misheni ilipofunguliwa rasmi katika kijiji cha Rosebud. Hoja ya makala haya ni kwamba hesabu hiyo imeanzia katikati, na kwamba kuanzia katikati kumemdhulumu mwalimu huyu na wakulima waliomchangia.

Binti wa shambani

Rosa Young alizaliwa tarehe 14 Mei, 1890, huko Rosebud, katika wilaya ya Wilcox, mtoto wa nne miongoni mwa kumi wa Grant na Nancy Young. Baba yake alikuwa mhubiri wa kuzunguka wa kanisa la Methodisti la watu weusi, na kwa kuwa mahubiri hayakuweza kushibisha aila ya watu kumi na wawili, alikuwa mkulima pia. Watoto walikulia shambani na kufanya kazi ya shambani, kama ilivyokuwa ada ya nchi ile.

Wilcox imo katika ukanda wa udongo mweusi wenye rutuba ambao, kabla ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, ulitajirisha mabwana wa pamba na kuwakusanya watumwa kwa maelfu. Uhuru ulipokuja, ardhi ilibaki mikononi mwa waliokuwa nayo, na waliokuwa watumwa wakawa walimaji wa kugawana mavuno: mwenye shamba hutoa ardhi na nyumbu, mwenye duka hukopesha mbegu, unga na nguo, na pamba ikishauzwa, mkulima hujikuta aghalabu anadaiwa zaidi kuliko alivyodaiwa mwaka uliotangulia.

Kalenda ya pamba ndiyo iliyokuwa kalenda ya shule. Mtoto alitakiwa shambani wakati wa kupalilia, akatakiwa tena wakati wa kuchuma, na muda uliobaki katikati, miezi michache ya baridi, ndio alioachiwa wa kujifunza kusoma.

Sheria nayo iliongeza ugumu. Kwa sheria ya Alabama ya mwaka 1891, maofisa wenyeji walipewa hiari ya kugawa fedha za shule kwa namna waliyoiona wenyewe kuwa ya haki. Na kwa kuwa serikali ilipeleka fedha hizo kwa kadiri ya idadi ya watoto wote, wilaya zenye watoto weusi wengi zilipata fungu kubwa kwa ajili ya idadi yao, kisha fungu hilo likatumiwa kuzineemesha shule za watoto weupe. Mwaka 1901 katiba mpya ya jimbo ikawanyang'anya watu weusi walio wengi haki ya kupiga kura, hivi kwamba hapakuwa na mlango wa kupitishia malalamiko.

Grant na Nancy Young, pamoja na ufinyu wa mali yao, walimpeleka binti yao Selma, katika chuo cha Payne kilichokuwa cha Wamethodisti weusi. Alihitimu mwaka 1909 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Mtu mwenye cheti namna hiyo angaliweza kutafuta mji na mshahara. Rosa Young alifundisha miaka michache katika shule za mashambani za Alabama, akaona kwa macho yake jinsi zilivyokuwa, kisha akarudi Rosebud kuanzisha yake.

Cherehani na piano

Shule iliyofunguliwa mwaka 1912 ilikua kwa kasi ya kustaajabisha. Wale 7 wa ukumbi wa ng'ombe walifika 215 katika muda usiozidi misimu mitatu ya masomo.

Inafaa kutulia kidogo juu ya vyombo vile vilivyotajwa katika barua, maana vinasema mengi. Siku hizo Wamarekani weusi walikuwa wamegawanyika katika mabishano makali juu ya elimu. Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa na kuanzisha chuo cha Tuskegee mwaka 1881, alishikilia kwamba watu wake waanze na kazi za mikono, kilimo na ufundi, na haki nyingine zitafuata nyuma ya ustawi. W. E. B. Du Bois, katika kitabu chake The Souls of Black Folk cha mwaka 1903, alimjibu kwamba taifa lisilopewa elimu ya juu wala kura haliwezi kuulinda hata huo ustawi wenyewe.

Wakubwa walibishana kwa vitabu na hotuba. Katika nyumba moja ya vyumba 4, mwalimu wa kijijini aliweka cherehani kwa ajili ya mikono, piano kwa ajili ya masikio, rafu ya vitabu kwa ajili ya akili, na Agano Jipya 150 kwa ajili ya roho, naye hakuona kwamba kimoja humfukuza mwenziwe. Mimi naona kwamba katika jambo hilo alikuwa na busara kuliko pande zote mbili.

*Kengele ile ililipiwa na watu ambao wenyewe walikuwa na deni dukani.*

Na jambo la pili la kutazamwa ni fedha zilizonunua vyombo hivyo. Ekari 5 zilinunuliwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na ekari moja ya kwao. Mtu anayelima shamba la mwingine, akaishi katika nyumba ya mwingine, kisha akatoa senti zake ili watoto wa kijiji wawe na mahali pasipoweza kuondolewa kwa amri ya mwenye shamba, ametenda jambo kubwa, na laiti majina ya wachangaji wote yangalihifadhiwa tungaliyasoma leo kwa taadhima.

Fukusi wa pamba

Kilichoiangusha shule kilikuwa mdudu asiyezidi urefu wa punje ya mchele. Fukusi wa pamba alivuka kutoka Mexico na kuingia Texas yapata mwaka 1892, akasonga mashariki mwaka baada ya mwaka, shamba hata shamba, na yapata mwaka 1910 akaingia Alabama. Jike hulitoboa tumba changa kwa domo lake refu na kutaga yai ndani; yai huangua funza, na funza hula kile ambacho kingalikuwa nyuzi; tumba hugeuka rangi ya manjano, likadondoka. Mkulima hulitazama shamba lake la kijani kibichi, lenye majani mazuri, asione cha kuchuma.

Mwaka 1914 vita vya Ulaya vikafunga masoko, na bei ya pamba iliyosalia ikaporomoka. Wenye maduka wakakataa kukopesha. Wazazi wa Rosebud wakashindwa kutoa ada za watoto, na mwalimu wao, aliyekuwa ameomba msaada kwa Wamethodisti wenzake pasipo kufanikiwa, akamwandikia Washington huko Tuskegee.

Washington hakuwa na fedha za kumpa, bali alimpa shauri: awaandikie Walutheri, kwa kuwa walikuwa wanafanya kazi njema miongoni mwa watu weusi. Shauri hilo lilikuwa miongoni mwa mambo ya mwisho ya maisha yake. Alifariki tarehe 14 Novemba, 1915, siku chache tu baada ya barua ya Rosa Young kwenda St. Louis.

Mchungaji kutoka kaskazini

Mwishoni mwa mwaka huohuo halmashauri ilimtuma Nils Jules Bakke, mchungaji mzaliwa wa Norwei aliyekwisha kuitumikia misheni ya watu weusi kwa miaka mingi na kuwa mkuu wa kwanza wa chuo cha Immanuel huko North Carolina. Bakke aliikagua shule, akatoa habari njema, na Januari 1916 kazi ya Kilutheri ikaanza Rosebud kwa ibada na mafundisho ya Katekisimo Ndogo, ile ambayo Martin Luther aliitunga mwaka 1529 ili baba wa nyumba awafundishe watoto na watumishi wake.

Rosa Young aliisoma, akaiamini, akapokelewa kanisani. Hakuwa mtu wa kuamini nusu. Alikuwa mwalimu kwa siku zote sita na mwinjilisti kwa siku zote saba. Alifundisha darasani, alifundisha shule ya Jumapili, alikwenda nyumba kwa nyumba, na wito ulipokuja kutoka kijiji kingine alikwenda huko kutayarisha njia kabla ya mchungaji kufika. Oak Hill, Possum Bend, Vredenburgh na vijiji vingine vya ukanda ule vikapata shule zao namna hiyo.

Si wote waliofurahi. Miongoni mwa wahubiri wa makanisa ya zamani na majirani walikuwapo waliomshutumu kwamba amewaacha watu wake na kuwafuata wageni, na mashutumu hayo hayakuwa mepesi kwa mtu ambaye baba yake mzazi alikuwa mhubiri wa kanisa lililoachwa. Kanisa la Methodisti la weusi lilikuwa limeundwa na watu weusi, likitawaliwa na maaskofu weusi, tangu 1816. Kulitoka na kuingia chini ya Wajerumani na Wanorwei wa kaskazini lilikuwa jambo la kuulizwa, na walioliuliza hawakuwa wapumbavu.

Nani alimpa nani?

Hapo ndipo penye shina la mabishano yanayoendelea mpaka leo juu ya maisha haya.

Upande mmoja wako wanaosema kwamba misheni ndiyo iliyoiokoa Rosebud. Wana hoja. Mishahara ya walimu ilitoka St. Louis, vitabu vilitoka St. Louis, wachungaji walitoka huko, na katika miaka ambayo pamba ilikuwa haina thamani mkono wa mkulima peke yake usingaliweza kuzibeba shule 30. Kwao Rosa Young ni mfano wa mtu mnyenyekevu aliyeomba akapewa.

Upande wa pili wako wanaoitazama bei iliyolipwa. Wasimamizi wa kazi ya Alabama walikuwa weupe. Sharika za weusi ziliwekwa chini ya halmashauri ya misheni, na mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili hazikuwa wanachama kamili wa sinodi zile zilizozilea; yaani watu walikuwa Walutheri wa kutosha kuchangia na kusali, bali si Walutheri wa kutosha kupiga kura katika mkutano wa kanisa lao. Na huyu mwalimu, aliyezipanda sharika kwa miguu yake, kwa kuwa ni mwanamke hakuweza kuwa mchungaji wa hata mojawapo.

*Walikuwa Walutheri wa kutosha kuchangia na kusali, bali si wa kutosha kupiga kura.*

Mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kupunguza makali ya hoja hii ya pili, kwa maana ni kweli. Lakini pande hizi mbili, kwa jinsi zinavyopingana, zinakubaliana katika kosa moja: zote zinamchukulia Rosa Young kuwa mpokeaji, mmoja akisema alipokea neema na mwingine akisema alipokea nira. Barua ya Oktoba 1915 inakataa. Ardhi ilikuwapo, nyumba ilikuwapo, watoto walikuwapo, mwalimu alikuwapo. Misheni haikuleta shule Rosebud. Ilikabidhiwa shule, na pamoja na shule ikakabidhiwa imani ya kijiji kizima kwa mwalimu wao, ambayo hakuna mmisionari aliyeweza kuinunua.

Na imani yake mwenyewe isigeuzwe kuwa biashara. Yeye aliyeandika habari za maisha yake katika kitabu Light in the Dark Belt, kilichotoka mnamo mwaka 1930 na kutolewa tena 1950, aliandika kama mtu aliyepata Injili na akashukuru, si kama mtu aliyebadilisha dini kwa majiko na viti. Insafu inatutaka tumwamini katika hilo kama tunavyomwamini katika hesabu ya viti vyake.

Miaka ya Selma

Shule zilipozidi, walimu walipungua, na kazi ya Alabama ikadai chuo chake. Kilifunguliwa Selma mwezi Novemba 1922, katika nyumba ya kupanga, kwa kusudi la kuwafunza vijana weusi ualimu na utumishi wa kanisa.

Rosa Young alifundisha hapo kuanzia 1946 hata 1961. Alifika akiwa na miaka 56, umri ambao wengi huanza kufikiri juu ya kupumzika, akatoka akiwa na 71. Mwaka huo wa 1961 seminari ya Concordia ya Springfield, Illinois, ikampa shahada ya heshima ya udaktari: binti wa mashamba ya pamba, aliyezuiwa kuwa mchungaji, akapewa heshima na nyumba inayowafunza wachungaji.

Miaka minne baadaye, tarehe 7 Machi, 1965, polisi waliwapiga watu waliokuwa wakiandamana juu ya daraja la Edmund Pettus, katika mji uleule wa Selma. Mwanzoni mwa mwaka huo, katika wilaya ya Wilcox, ambako alikuwa amefundisha watoto, na watoto wa watoto hao, hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja aliyeandikishwa kupiga kura. Du Bois alikuwa amesema kweli: kusoma peke yake hakukufungua mlango wa sanduku la kura. Lakini mtu akitaka kuhukumu kwamba kazi ya mwalimu ilikuwa bure, na akumbuke kwamba Alabama iliwatahini weusi kwa maswali ya kusoma na kuandika ili kuwazuia wasiandikishwe. Walioitunga mitihani hiyo walijua vema sana shule zina nguvu gani.

Chuo kilichofungwa

Shule nyingi za vijijini zilififia kadiri watu walivyohamia miji ya kaskazini na shule za serikali zilivyofunguliwa kwa rangi zote. Chuo cha Selma, kilichokuja kuitwa Concordia, kilidumu zaidi, kikiwa chuo pekee cha Kilutheri nchini Marekani kilichokuwa na asili ya watu weusi. Mwaka 2018, kwa ukosefu wa fedha, kikafungwa, baada ya miaka 96.

Wako walioona kufungwa huko kuwa hesabu tu: wanafunzi wachache, madeni mengi. Wako walioona kwamba nyumba iliyotokana na barua ya mwanamke mmoja ingalistahili jitihada zaidi ya hesabu. Mimi ni miongoni mwa hao wa pili. Mwaka 1915 hesabu za Rosebud zilikuwa mbaya kuliko za chuo chochote, na lau halmashauri ya St. Louis ingalitazama hesabu peke yake, barua ile isingalijibiwa.

Mwangwi wa Afrika

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hana haja ya kuyaona mambo haya kuwa ya mbali. Mwaka 1925 shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, Kenya, kwa mfano uliochukuliwa kutoka kwa walimu weusi wa mashamba ya kusini mwa Marekani, waliokuwa wakilipwa kutokana na wakfu wa mama mmoja wa Philadelphia, Anna Jeanes. Na katika Tanganyika, wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliozishika sharika za Kilutheri zisitawanyike walikuwa walimu wenyeji wa shule za vijijini, wenye katekisimo, ubao na mshahara mdogo, ilhali vitabu vingi vya misheni viliendelea kuwaita wasaidizi.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na Rosebud ulitokea Nigeria. Huko Ibesikpo, mwaka 1930, Wakristo walijitenga na misheni iliyowalea, wakaendesha wenyewe sharika na shule zao, na kwa fedha zao wenyewe walikuwa wamemsomesha Marekani kijana wao Jonathan Udo Ekong ili awatafutie kanisa la kushirikiana nalo. Ekong alisoma katika chuo kilekile cha Immanuel ambacho Bakke alikuwa mkuu wake wa kwanza, akawakuta Walutheri weusi ambao tangu zamani walikuwa wakiweka akiba kwa ajili ya kazi ya Afrika. Mwaka 1936 mkuu wa chuo wa wakati huo, Henry Nau, akasafiri kwenda Ibesikpo kufungua misheni. Na alipofika alikuta makanisa yamekwisha kujengwa, walimu wako kazini, na watoto wako darasani.